Kozi ya Wiki Mbili Niliyomtungia Mama Halima

Ndugu zangu wa Adumi, mmezoea kunisifu kwamba nilikuwa karani wa afya pale mlimani Arua. Leo nisikilizeni, halafu msinisifu tena. Tangu Wahindi wafukuzwe, hospitali ya mjini ilipungukiwa na watu, na fedha za kuajiri wengine hazikuja. Ikatoka amri wakunga wa vijijini waletwe mjini. Nikatumwa kumchukua Mama Halima, mkunga pekee wa zahanati moja ng'ambo ya Koboko, njia ya Oraba. Mkubwa wangu alinionya, "Usitaje uhamisho. Akinamama wa kule watakaa mbele ya gari. Sema anaitwa kozi."

Asubuhi tuliondoka kwa Landrova, mimi na dereva Drani. Njia nzima vumbi jekundu na mashamba ya muhogo. Drani aliijua siri, akanitania, "Karani, leo wewe nanyamaza sana. Ile uongo iko nzito?" Nikacheka. Loh, nilicheka kweli!

Saa tano tulifika zahanati. Mama Halima, Mnubi wa makamo, alikuwa akimpima Kiden, mke wa mkulima wa pale. Niliposema kozi, uso wake ukang'aa. "Miaka yote mimi iko hapa, hakuna mutu aliita mimi kozi!" Akinamama wakapiga vigelegele, wakamfungia simsim ya kula njiani. Mimi nikapewa kuku, nikampokea kwa mikono miwili. Uso umeumbwa na haya, lakini wangu siku ile haukuwa nayo.

Kisha Mama Halima akanivuta kando. "Mwanangu, kozi iko siku ngapi? Mutoto ya Kiden nalala ubavu. Kama iko wiki mbili, mimi tarudi mbele ya yeye kuzaa. Kama inapita hapo, tubebe yeye sasa hivi, azalie hospitali."

Benchi la nyuma ya gari lilikuwa tupu. Nikahofu kwamba nikisema zaidi, atashtuka.

"Wiki mbili tu, mama."

"Basi, Kiden," akasema, "wewe ngoja mimi."

Saa kumi tulikuwa Arua, akasomewa barua ya uhamisho. Alinitazama mara moja tu. Akaomba kurudi, akaambiwa petroli hakuna. Akaomba ruhusa kila wiki, akanyimwa, na miaka ile kubishana na amri hakukuwa mchezo.

Wiki ya nne nilikuwa wodini na daftari la mahudhurio. Mume wa Kiden akaingia, miguu imejaa vumbi. Kiden alikuwa amefariki, yeye na mtoto, njiani, watu wakimbeba kumpeleka Koboko.

"Sisi tulisema twende Arua mapema," alimwambia Mama Halima. "Yeye akakataa. Akasema Mama Halima iko narudi wiki mbili, Mama hana uongo. Kwa nini wewe ulidanganya yeye?"

Mama Halima alifungua mdomo, machozi yakamtangulia. Mimi nilisimama hatua mbili kutoka kwao. Neno moja tu lingetosha. Nikainamia daftari, nikaita jina lililofuata.

Nimejifunza kwamba amri hutoka ofisini, lakini uongo ule ulitoka kinywani mwangu. Nasikia Koboko bado wanamwita Mama Halima mwongo. Nyinyi mnaokwenda sokoni kule, waambieni mwongo ni mimi.