Sitiri na Sitara

Wateja walimwita Pindo, kwa sababu ukimpelekea suruali aipunguze, hata uigeuze ndani nje, huoni sindano ilipopita. Duka lake liliitwa Sitiri. Neno hilo lilikuwa la marehemu mama yake, fundi naye, aliyependa kusema, "Sisi hatushoni nguo, tunasitiri watu."

Mama alipofariki, Pindo na mdogo wake waligombania cherehani yake. Yakatamkwa maneno ambayo hayarudi mdomoni. Mdogo mtu akafunga mizigo, akahamia mji mwingine, wakawa hawapigiani tena simu.

Miaka ikapita. Siku moja akaingia mama mmoja amefura, gauni mkononi limefumuka ubavuni.

"Ndiyo kazi gani hii, fundi?"

Lebo ilisomeka Sitara, kwa herufi za mviringo zilezile za lebo ya Sitiri. Ule ubavu ulikuwa kazi ya mtu mwenye haraka, mwanafunzi labda. Lakini kola! Ule ulikuwa mkono wa mdogo wake; Pindo aliijua kola ile kama anavyoujua uso wake. Akalishona gauni bure, polepole, asitake kulimaliza.

Wakawa wanakuja hivyo, waliopotea duka. Wengine walilalamika, wengine walileta habari. "Ala, kumbe wewe siye! Mmefanana kweli. Yule wa kule mgongo unamsumbua, ila kwa kucheka, hajambo!" Pindo alijifanya anatafuta uzi, huku masikio yote yako kwao.

Mumewe hakupendezwa. "Jina linachafuka, mke wangu, na wewe unachekacheka tu."

Lawama zilipozidi, Pindo akakubali kutafuta wakili. Yeye na mdogo wake wakaitwa mbele ya msajili wa alama za biashara. Wakili akaziweka lebo mbili mezani, akasema mnunuzi wa kawaida hawezi kuzitofautisha. Mdogo mtu akasimama. Nywele zilishaanza kuota mvi.

"Jina ni la mama," alisema. "Na mama alituzaa wawili."

Msajili akamjibu kwa upole kwamba mama hakulisajili. Aliyelisajili ni dada. Sitara ikaamriwa ibadilishwe. Mdogo mtu akatoka bila kugeuka nyuma.

Basi waliopotea wakaacha kuja. Mwanzoni Pindo aliona ametua mzigo. Halafu akajikuta kila mfuko ukifunguliwa anainua shingo, anatafuta kola. Ilikuwa suruali. Ilikuwa pazia.

"Si umeshinda?" mumewe alimuuliza.

"Nimeshinda," akajibu, akaendelea kukata uzi uliokwisha kukatika.

Mwishowe akapanda basi. Kibao cha duka la mdogo wake kilikuwa kipya, kina jina ambalo lingeweza kuwa la yeyote. Mdogo mtu aliinua macho, pini amezibana midomoni. Akazitoa moja moja. Akavua futi ya kupimia shingoni.

"Simama wima."

Akampima mabega, kifua, mkono mpaka kiwikoni. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Umekonda, dada."

"Na mgongo wako je?"

"Nani kakwambia?"

"Wateja wako."

Mdogo mtu akacheka, kidogo tu, kisha akageukia rafu ya vitambaa, akimpa mgongo.

"Jumatano uje kujaribu," alisema.

Pindo alifika stendi ndipo akakumbuka kwamba hawakuchagua kitambaa.