Kofi la Upande wa Kushoto

Fundi redio wa mtaa wa Buyenzi hafungi kifurushi kabla hajakitegea sikio, kana kwamba redio iliyomo ina neno la mwisho la kumwambia. Zubeda, anayeshona nguo mlango wa pili, amemzoea: vidole vilivyoungua kwa kulehemu, na sauti laini anayowasomea majirani barua za wateja wakorofi wa mnada wa mtandaoni anakouzia redio kuukuu, hadi matusi yasikike kama dua. Juzi Mbelgiji mmoja aliandika mara nne kwamba ameuziwa redio maiti, na kwamba atamshitaki kwa wenye mnada.

“Na we mutukane,” Zubeda akasema.

“Apana, dada. Redio yake imenuna tu juu ya safari.”

Fundi akampigia Mbelgiji kwa video, akamwambia kwa Kifaransa aizabe kofi ubavu wa kushoto, si kwa hasira, ila kama anayemwamsha mgeni. Mbelgiji akazaba, uso umemwiva. Muziki ukalipuka kutoka Ulaya, Zubeda akaacha cherehani akacheza.

Leo asubuhi Mbelgiji amenunua ya pili. Ujumbe wake una swali moja tu: hii nayo inapigwa upande gani?