Hotuba Moja, Keki Mbili

Nalotuesha aliandika hotuba moja. Hapo ndipo alipokosea, lakini msimlaumu sana, maana msichana ambaye wazazi wake waliachana akiwa darasa la tano hujifunza kupima kila kitu hata kabla ya kujifunza kupika. Krismasi kwa mama Kitengela, mwaka mpya kwa baba Kisaju, mwaka unaofuata wanabadilishana. Akimtumia mmoja picha, mwingine naye anatumiwa ile ile. Miaka kumi na miwili hivyo! Ningekuwa mimi ningeshatoroka.

Sasa alipofuzu uuguzi, wazazi hao hao wakakataa kuketi chini ya hema moja. Mama yake, Mugure, mwenye duka la dawa za mifugo pale Kitengela, alisema, "Huyo mtu akikuja, mimi siko." Baba yake, Katoo, hakusema kitu, alinyamaza tu kwenye simu mpaka binti akaelewa. Kwa hivyo Jumamosi moja ikakatwa mara mbili: saa sita kwa mama, saa kumi kwa baba. Mbuzi wawili huku, mbuzi wawili kule. Keki mbili za kilo tatu tatu, zote za buluu, kutoka kwa mwokaji mmoja. Alichotaka Nalotuesha ni kimoja tu: siku iishe bila mzazi yeyote kuhisi amepewa kidogo.

Kwa mama alikula nusu sahani, akabakiza nafasi tumboni ya nyama ya kwa baba yake. Akasimama na joho lake, akasoma karatasi: "Wewe ndiye sababu nimesimama hapa leo. Kila nilipotaka kuacha chuo, nilikumbuka mikono yako." Wanawake wa chama wakapiga vigelegele. Mugure akalia hadi kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Nalotuesha alimkumbatia, akampapasa mgongo, na hakusikia kitu. Ganzi tupu, kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino: unajua ni wako, lakini hata ukijiuma husikii. Akajiambia ni uchovu.

Mjomba Njogu, kaka ya Mugure, ndiye aliyemwendesha hadi Kisaju pamoja na Sandra, rafiki yake wa chuo. Akawashusha kwa geti. Yeye haingii humo, tangu ile talaka hajaingia. Nalotuesha akavaa shanga zake palepale, akaingia ameinamisha kichwa, na wazee wakamsalimu kwa kumgusa utosini mmoja baada ya mwingine, baba yake naye pia. Nyama ikaliwa, keki ikakatwa, picha zikapigwa. Kisha akatoa karatasi.

"Wewe ndiye sababu nimesimama hapa leo," akasoma. "Kila nilipotaka kuacha chuo, nilikumbuka mikono yako."

Vijana waliokaa nyuma wakaanza kuangaliana. Sandra akaziba mdomo. Aki huyu Sandra! Mchana alikuwa ameirekodi hotuba yote kwa mama na kuiweka kwenye status ya WhatsApp, na nusu ya Kisaju walikuwa wameshaiona. Watu walipiga makofi hata hivyo, kwa adabu. Katoo hakupiga.

Wageni waliporudi kwa soda zao, alimwita binti yake kando, karibu na zizi. Akatoa simu, akabonyeza. Sauti ya Nalotuesha ikatoka humo, na nyuma yake vigelegele vya akina mama wa Kitengela.

"Hii ni ya mchana," Katoo akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Nimeisikiza mara tatu kabla ufike. Nikajiambia, yangu itakuwa ingine."

"Nilitaka iwe sawa, Papa. Kwa nyinyi wote."

"Iko sawa." Akairudisha simu mfukoni. "Hata neno moja halijapungua. Lakini mimi sikuomba sawa, Nalotuesha. Niambie kitu kimoja tu ambacho mama yako hajaambiwa."

Loo! Binti wa watu akasimama pale akitafuta. Kila hadithi ya chuo ilikuwa imeshasimuliwa nyumba zote mbili. Kila asante, kila pole, kila nimekumiss. Alitafuta kama mtu anayepekua mfuko ambao anajua fika hauna kitu, mpaka akakipata kile ambacho hakuwahi kumpa yeyote.

"Papa, sisikii chochote," akasema. "Tangu asubuhi. Watu wanafurahi, mama analia, na mimi niko tu hapo kama kiti. Si leo peke yake. Ni kitambo."

Katoo akamsogelea. Akamwekea mkono kichwani na safari hii hakuuondoa.

"Mama yako hajui?"

"Hajui."

"Asante," Katoo akasema, na macho yake yakalowa. Haki, alikuwa amefurahi! Alisikitika pia, yule ni mzazi, lakini alifurahi, na Nalotuesha aliiona ile furaha vizuri kabisa.

Honi ya Njogu ikalia barabarani. Waliagana na wazee, wakapanda gari. Sandra alianza kuomba msamaha wa video, Nalotuesha akamwambia si kitu, na kweli hakuona kama ni kitu. Alitazama nyaya za ua zikipita nje ya dirisha. Kabla hawajafika Kitengela, alitoa simu akampigia Mugure.

"Mum," akasema, "kuna kitu nimemwambia Papa, na wewe bado hujaambiwa."