Ngitili ya Nkwabi inasubiri ng'ombe

Nkwabi Masunga hana ng'ombe. Ana malisho, ila hana wa kuyala. Asipoingiza japo mnyama mmoja ndani yake kabla Septemba hii ya 1997 haijaisha, wazee wa kitongoji chake huko Samuye watayafungulia mifugo ya majirani.

Asubuhi hii yuko mbali na Samuye. Yuko msituni, upande wa Geita, nyuma ya maksai kumi na wawili wa mtu mwingine. Ana fimbo, dumu la maji, na fuko dogo begani. Viatu vyake vimekatwa kwenye tairi la lori.

Kazi yake ni kuswaga. Anawachukua ng'ombe mnadani Shinyanga na kuwapeleka kwa miguu hadi kwa wachinjaji wa machimbo. Kwenda ni siku sita. Njiani anaongea na maksai kwa Kisukuma.

"Nisipoongea nao, nitafika sauti imekauka," anasema. "Hawajibu, lakini hata mimi sina jipya la kuwaambia."

Jua linapopanda, mbung'o wanaanza. Mmoja anatua shingoni mwa maksai mwekundu na kunywa mpaka anavimba. Nkwabi anamtazama tu, hamfukuzi.

"Maksai hawa hawana hasara tena," anasema. "Keshokutwa ni supu."

Kazi hii imeletwa na ardhi yenyewe. Samuye ni tambarare. Udongo wake mweusi hunata miguuni wakati wa masika, na kiangazi hupasuka mpaka kwato zinanasa. Miti ni michache na maji ni ya kufuata mbali. Lakini ng'ombe anaishi, na mtu huulizwa ana ng'ombe wangapi kabla hajaulizwa ana watoto wangapi.

Huku magharibi kuna msitu wa miombo, mvua ya kutosha, mihogo, migomba, na dhahabu chini. Ng'ombe hakai, kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wanaouambukiza. Wachimbaji wanataka nyama kila siku, kwa hiyo nyama inatembea kutoka Samuye.

Nkwabi, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, aliujua msitu huu kwa njia mbaya.

Mwaka 1993 kiangazi kilikuwa kirefu. Alikuwa na ng'ombe ishirini na tisa na ngitili moja. Ngitili ni sehemu ya malisho ambayo Msukuma huifunga mvua inaponyesha, asiruhusu mfugo kuingia, ili nyasi zibaki za kiangazi. Haina ukuta. Kila mtu anajua ni ya nani, na mgeni akikuta nyasi ndefu wakati wa ukame humtafuta kwanza mwenye ngitili, aombe.

Ngitili yake isingetosha ng'ombe wote. Akaamua kuihifadhi, akahama na mkewe, Paskalia, kufuata mvua.

Huku wakakuta nyasi za kufika kiunoni, mbichi, hazijaguswa. Nkwabi akafanya alivyofundishwa na baba yake. Alizunguka kwa wakulima, nyumba hadi nyumba, akiuliza mwenye ngitili ile ni nani.

"Walinishangaa," anasema. "Mama mmoja akaniambia, 'Nyasi za Mungu hizo, lisha tu.' Nikasema hawa watu ni wakarimu sana. Nilichinja mbuzi kuwashukuru."

Wale walikuwa watu wa jembe. Hawakuwahi kufuga, na hawakumdanganya. Naye Nkwabi, kule Samuye, hakuwahi kuona mbung'o. Aliwaona wale nzi, akawachukulia kama nzi wengine.

"Niliuliza nyasi ni za nani. Sikuuliza kwa nini hakuna anayezilisha."

Wiki chache baadaye manyoya ya ng'ombe yalisimama, macho yakatoa machozi. Walikula na kukonda. Bwana mifugo alipofika na sindano zake, waliokuwa wanaweza kusimama walikuwa wanne. Nao hawakupona.

"Kwetu ng'ombe anakufa na njaa, unaelewa," anasema Nkwabi. "Hawa walikufa wameshiba. Ukipasua tumbo, nyasi tupu."

Adhuhuri msafara unafika machimboni. Vijana waliojaa vumbi wanapiga mbinja.

"Shikamoo, Baba Nyama!"

"Marahaba. Nyama hailiwi kwa shikamoo."

Athanas, mchinjaji, anazunguka maksai mwekundu akimpapasa mbavu. "Mzee, huyu umemswaga au umemfukuza?"

"Ukitaka mnene, fuga mwenyewe."

"Nifuge huku? Nani kaniroga?"

Vijana wanacheka. Nkwabi naye anacheka, kwa muda mfupi kuliko wao.

Kutoka hapo anakwenda kwa mkewe. Paskalia alikataa kurudi Samuye baada ya ng'ombe kwisha. Analima mihogo, anasaga, anawauzia unga wachimbaji. Migomba imezunguka nyumba yake na kisima kiko karibu na mlango.

"Mwadila, Baba Mabula," anamsalimia kwa Kisukuma, kwa jina la mtoto wao.

"Mwadila."

Nkwabi anafungua fuko lake. Ndani ni michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani. Humletea kila safari.

"Michembe tena! Huku viazi vibichi tunachimba mwaka mzima."

Lakini anaipokea kwa mikono miwili na kuibandika jikoni papo hapo.

Wanakula. Kisha Nkwabi anasema alichokuja kusema.

"Rudi nyumbani. Wazee wanataka kuifungua ngitili."

"Wana makosa? Ng'ombe wao wanakufa huku nyasi wanaziona."

"Hawana makosa. Ila nikiwa na mfugo hata mmoja, wataiacha. Tukishirikiana tutaupata."

"Na maji je? Siku hizi yako karibu?"

Nkwabi anageuka kukitazama kisima cha mlangoni.

"Basi wewe hamia hapa," anasema Paskalia. "Chumba kipo. Shamba lipo."

"Nikae mahali ng'ombe hawezi kuishi? Watu watanijuaje?"

"Kwa jina lako, Baba Mabula. Unalo."

Anaingia chumbani, anarudi na pesa zilizofungwa kwenye pindo la khanga. Ni za unga wa mihogo. Anamwekea kiganjani.

"Kanunue mtamba. Nimechoka kukuona ukitembea nyuma ya mikia ya watu. Ila usinihesabu mimi kumkamua. Mimi sirudi."

Nkwabi anazitia kwenye fuko bila kuzihesabu. Halafu anasema asante.

Kesho yake anaanza safari ya kurudi, peke yake, bila ng'ombe wa kuongea nao. Mpango wake ni kupita mnadani kabla ya kufika nyumbani, achague mtamba mweusi, amwingize ngitilini wazee wakimwona. Anatumaini kwamba baada ya miaka miwili atazaa.

Ng'ombe huyo mmoja amemgharimu ng'ombe ishirini na tisa, miaka minne ya kuswaga mifugo ya wenzake, na mke. Mke yuko hai, ana afya, na anakaa mwendo wa siku sita.