Harusi Iliyokaa Kabatini

Fundi wa kompyuta aliyeitwa Taratibu hakupewa jina hilo kwa kusifiwa. Wateja walimpa kwa kuchoka kumngoja. Ukimpelekea kompyuta asubuhi akakwambia njoo kesho, ujue ni keshokutwa, na hiyo keshokutwa ukifika utamkuta ameifungua mezani, skrubu zake amezipanga kwenye vifuniko vya chupa, kila aina na kifuniko chake, naye anapangusa vumbi kwa brashi ndogo bila haraka yoyote. Utakunja uso, utaitupia saa yako jicho, yeye atakukaribisha kiti. Lakini kitu kikitoka mikononi mwake kimetoka, hakirudi. Ndiyo maana wale wale waliomsema vibaya ndio waliompelekea ndugu zao.

Nyumbani aliitwa Baba Pacha, kwa sababu ya mabinti wawili waliopishana dakika tisa kuzaliwa, na ambao sasa, wana miaka kumi na minne, bado waligombania ukubwa. Alikuwa mtu wa kuridhika. Alitaka chai iwe ya moto, redio iwe chini, na kitu kikitumika kirudi kilipotoka. Ungemuuliza ana shida gani duniani, angefikiri kwanza, halafu angekwambia hana. Hapo angekuwa anadanganya kidogo.

Shida yake ilikuwa kabatini, ndani ya bahasha ya kaki, chini ya vitambaa vya meza. Ilikuwa diski ya harusi yake.

Miaka kumi na minane nyuma, siku ya harusi, mama mkwe wake alipewa kipaza sauti aseme neno. Ukumbi ulinyamaza wenyewe, maana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nusu ya waliokaa pale aliwahi kuwafundisha. Katika hotuba yake ndefu, Taratibu alibaki na sentensi mbili tu: huyu anayemchukua mwanangu anashinda amefungua redio za watu, atamlisha nini, skrubu? Watu walicheka wakapiga meza. Bwana harusi naye alicheka, kwani bwana harusi hana ruhusa ya kununa. Papo hapo spika zikaanza kupiga mluzi, zikakoroma, zikakata. Taratibu tangu azaliwe hajaweza kusikia kitu kinakoroma akaendelea kukaa. Aliinuka na suti yake mpya, akaenda nyuma ya spika, akapiga magoti kwenye waya. Alipotoka, hotuba imekwisha, watu wanapiga makofi, na yeye ana utando wa buibui kichwani.

Yale maneno yalimchoma, na yakabaki humo humo. Hakumwambia mtu. Mkeo utamwambiaje kwamba mama yake amekuumiza siku ya harusi yenu? Akaamua kujificha kwenye adabu. Mama mkwe akija, atampokea mzigo, atamwamkia ameinamisha kichwa, atamtafutia mto wa mgongo, kisha ataketi mbali na kujibu "ndiyo mama" na "hapana mama" mpaka mgeni aondoke. Mtaa mzima ulimsifu kwa kuheshimu wakwe. Hakuna aliyejua kwamba heshima nyingi kiasi kile ilikuwa kinyongo kilichopigwa pasi.

Na diski? Ilipoletwa hawakuwa na chombo cha kuitazamia. Walipopata kompyuta, Taratibu akasema draivu, sehemu ya kusomea diski, imekufa. Akaing'oa, akaziba tundu kwa kipande cha plastiki, akatangaza kuwa diski zimepitwa na wakati. Mkewe alimwamini. Fundi ni yeye.

Basi mwaka huu mama mkwe akafanyiwa upasuaji wa macho. Daktari alitaka akae karibu na hospitali wiki mbili, akafikia kwa binti yake. Bandeji ilipotoka, alishinda siku nzima akitazama vitu. Aliwatazama wajukuu akagundua mmoja ana doa shingoni. Akaomba daftari lake la zamani, akasema kumbe mwandiko wake ulishaharibika na watu wamemnyamazia. Jumamosi baada ya chakula cha mchana akakunja mikono mapajani.

"Kimebaki kimoja," alisema. "Nataka kuiona harusi ya mwanangu. Mara ya mwisho mlinionyesha picha, nikaona ukungu mtupu."

Taratibu alimeza tonge ambalo halikuwepo.

"Mama, ile iko kwenye diski. Kompyuta yetu haina hata pa kuiingizia."

"Si palikuwepo?" Mama Pacha aliuliza akikusanya vyombo. "Ukapaziba mwenyewe."

"Draivu ilikufa."

"Na zile zilizojaa kwenye rafu yako kule dukani? Zote zimekufa? Umekuwa fundi au mzika draivu?"

Pacha wakaangua kicheko. Duka lilikuwa mwisho wa mtaa ule ule. Kabla baba yao hajainuka kitini walishachukua ufunguo, wakaenda, wakarudi na draivu tatu ndani ya ndoo ya kudekia, pamoja na sinia lenye vile vifuniko vyake vya skrubu, ambavyo walivibeba kwa uangalifu kama mayai.

Hakuwa na pa kukimbilia. Aliilaza kompyuta ubavu juu ya meza ya chakula, akachomoa waya wa umeme, akagusa chuma cha kasha ili mwili wake usije ukarusha cheche kwenye vitu vya ndani. Akafungua ubavu. Mikono ilifanya kazi yake, moyo ukafanya yake. Aliwaza: pacha watasikia. Pacha ambao humwona baba yao ndiye anayejua kila kitu, watamsikia bibi yao akimuuliza mbele ya watu mia mbili atawalisha skrubu. Na huyu mama mwenyewe atasikia maneno yake akiwa amekaa kwenye kochi la mtu aliyemsema, baada ya kula wali wake wiki nzima. Wataangaliana vipi wiki iliyobaki?

Alisukuma kile kipande cha plastiki kutoka ndani, kikaruka sakafuni. Akaitelezesha draivu kwa mbele mpaka uso wake ukalingana na uso wa kasha. Nyaya mbili: mwembamba unaokwenda kwenye ubao mkuu, na wa umeme. Kila mmoja una kona yake, huwezi kuuchomeka kinyume hata ukitaka, na leo Taratibu angetaka. Akafunga skrubu mbili za upande wa kulia, akaisimamisha kompyuta, akarudisha umeme, akawasha, akaijaribu. Trei, kile kisinia cha kuwekea diski, ikatoka vizuri. Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyeiweka diski, maandishi juu, upande unaong'aa chini, na trei ikaingia. Taratibu akazima tena, akakaza skrubu mbili za upande wa kushoto, akawasha.

Draivu ikalia krr, krr, ikanyamaza. Kwenye kioo hakuna kitu. Akabonyeza kitufe. Trei haikutoka.

"Nini tena?" Mama Pacha aliuliza.

"Imegoma."

"Na diski imo ndani?"

"Imo."

Taratibu alijua ni nini mara moja. Draivu ya diski inataka skrubu fupi na nyembamba. Ukiifunga kwa zile nene ndefu za kasha, ncha inapita ukuta, inaibana trei. Fupi zilikuwa kifuniko cha pili. Yeye alitoa kifuniko cha nne. Kosa hilo huwa anawacheka nalo mafundi wengine. Mpaka leo hana hakika kama mkono ulikosea kweli au uliamua kumsaidia mwenyewe.

Akakaa, bisibisi mkononi. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Angesema draivu imeila diski, basi, na nani angembishia?

"Haidhuru, mkwe wangu," mama mkwe alisema kutoka kwenye kochi. Alikuwa ameshaweka miwani yake myeusi kwenye meza kwa ajili ya kutazama. Sasa akaichukua akaivaa tena. "Usijitaabishe. Nilikuwa nataka tu kumwona mwanangu siku ile, maana siku yenyewe nililia sana sikuona kitu. Nitaomba mnisimulie."

Hakulalamika wala hakununa, na hapo ndipo alipommaliza. Taratibu aliweza kumficha mtu hotuba. Kumficha mama harusi ya binti yake, macho yake yakiwa yametoka kuwekwa sawa, hakuwa na ubavu huo.

"Ngoja kidogo, mama," alisema. "Nimekosea skrubu."

"Wewe?" Mama Pacha alisimama na kitambaa cha vyombo. "Wewe hukosei skrubu."

"Leo nimekosea."

Akazima, akachomoa umeme, akazitoa zile ndefu. Akanyoosha kibanio cha karatasi, akakiingiza kwenye kitundu kidogo kilicho usoni mwa draivu, akasukuma kwa upole. Trei ikachungulia. Akaivuta kwa kidole, akaitoa diski, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa na mkwaruzo. Akaipangusa kutoka katikati kwenda nje, akafunga skrubu fupi, kifuniko cha pili, akazihesabu kwa sauti ili asije akajichezea tena. Kisha akapiga moyo konde, akawasha.

Harusi ikatokea. Pacha walimcheka mama yao kwa nywele na baba yao kwa suti iliyomzidi mabega. Mama mkwe alisogea ukingoni mwa kochi, akawa anataja watu: yule amehamia mbali, yule amezeeka, yule ana deni la kunitembelea. Alipomwona binti yake anaingia ukumbini, machozi yakamtoka, na Mama Pacha akamkumbusha kwamba daktari amekataza kulia na kujifuta kwa mkono.

Halafu akaonekana yeye mwenyewe, kijana zaidi, kipaza sauti mkononi. Taratibu alikuwa amekaa kiti cha karibu na mlango. Alitazama sakafu.

"Mwezi mzima watu wananijia nyumbani," mwalimu yule wa kwenye kioo alisema. "Wananiambia, mwalimu, huyu anayemchukua mwanao anashinda amefungua redio za watu. Atamlisha nini, skrubu?"

Taratibu aliinua kichwa. Wananiambia. Neno hilo lilikuwepo tangu mwanzo, yeye ndiye aliyelidondosha njiani.

Ukumbi ulicheka. Spika zikapiga mluzi, zikakata. Kamera ikamfuata bwana harusi akiinuka, mpaka akapotea nyuma ya spika. Sauti ikabaki ya mbali sana. Mama Pacha akaiongeza mpaka mwisho, na pacha wakanyamazishana.

Mwalimu alikiweka kile kipaza sauti kilichokufa mezani. Akaelekeza kidole kwenye spika, ambako nyayo mbili za viatu vipya zilikuwa zimechomoza.

"Mnaviona viatu vile?" alisema kwa sauti ya darasani. "Mimi nimeishi miaka kumi na mitano na mwanamume wa kuvunja. Alivunja sahani, akavunja mlango, akavunja na mkono wangu huu. Mwanangu ameniletea mwanamume ambaye kitu kikilia tu, anapiga magoti akitengeneze. Atamlisha nini, sijui. Lakini nimempokea kwa mikono miwili, na mwenye kucheka acheke sasa."

Hakuna aliyecheka. Makofi yakaanza, na katikati ya makofi bwana harusi akatoka nyuma ya spika, utando wa buibui kichwani, akitabasamu bila kujua anapigiwa nini.

Taratibu alikivuta kiti chake hatua moja kutoka mlangoni.

"Mama," alisema, "hayo sikuyasikia."

"Hukusikia?"

"Nilikuwa kwenye waya. Nilisikia ile ya skrubu, nikadhani ni yako. Miaka yote."

Mama mkwe alimgeukia. Alimtazama kwa yale macho yake mapya, kama aliyekuwa hajawahi kumwona vizuri.

"Na mimi nilidhani umesikia yote," alisema. "Nikaona unanikwepa. Nikajiambia ni haki yake, nimetaja mambo ya nyumba yangu mbele ya wazazi wake, ameona aibu ameoa kwa watu gani. Nimekuwa nikija hapa natafuta namna ya kukuomba radhi, baba, na wewe umekaa kule mbali unaniambia ndiyo mama, hapana mama."

Mama Pacha aliweka kitambaa mdomoni.

Taratibu aliinuka. Alivuka sebule, akapiga magoti mbele ya kochi, akaushika ule mkono wa mama mkwe uliowahi kuvunjwa. Akaanza kulia waziwazi mbele ya watoto wake, na wala hakuona haya.

"Basi, mwanangu," mama mkwe alisema. "Basi. Mimi mwenyewe nimekatazwa kulia."