Ngozi ya Mama Ndani ya Ndege

Nina duka la vipodozi Ruiru, hatua chache kutoka sokoni, na kwa miaka mingi wasichana wanaokwenda kufanya kazi Uarabuni wamekuwa wakipitia kwangu siku chache kabla ya safari. Wanataka kujua wabebe nini. Nilikuwa nawaambia maneno yale yale huku nikiwapangia vitu kwenye kaunta. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana. Usijipake poda siku hiyo. Jipake mafuta mazito kabla hujaingia, mikononi, midomoni na pembeni mwa pua. Chupa unayobeba mkononi iwe ndogo. Na zaidi ya yote kunywa maji, halafu unywe tena, hata kama huna kiu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kupanda ndege. Mambo hayo niliyasoma kwenye simu, na kwa kuwa wasichana walikuwa wakirudi wananishukuru, nikayaona kama elimu yangu mwenyewe.

Kisha mama akaugua figo.

Aliishi Gatuanyaga, peke yake tangu baba afariki, na ng'ombe watatu na shamba la mahindi ambalo jua lilikuwa linalimaliza karibu kila mwaka. Kule vumbi huingia hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Lakini ngozi ya mama ilikuwa laini kuliko yangu. Hakutumia kitu kingine ila mafuta ya kukamulia, yale ya mkebe ambayo hupakwa chuchu za ng'ombe. Akimaliza kukamua, mafuta yaliyobaki mikononi aliyapaka viwikoni na usoni, basi. Losheni nilizompelekea alizipanga kabatini zionekane na wageni.

Figo zake zilipokufa, ngozi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutuonyesha. Uso ulipauka ukawa rangi ya majivu. Miguu ikatoa magamba. Akawa anawashwa mwili mzima, na kujikuna kukawa hakusaidii. Nikamleta kwangu Ngoingwa, na mara mbili kwa wiki nikawa nampeleka hospitalini hapo Thika kusafishwa damu kwa mashine. Mwili wake ulikuwa hauwezi tena kutoa maji, kwa hivyo yote aliyokunywa yalibaki ndani, yakamjaa miguuni, na yakizidi yangemjaa kifuani. Daktari alitupa kipimo. Chupa moja ndogo kwa siku nzima, chai ikiwemo. Mimi ndiye niliyekuwa naiweka ile chupa.

Mama alikuwa akiniita Maitu, yaani mama yangu. Kwetu Wakikuyu binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, na mimi ndiye wa pili, kwa hivyo tangu utotoni alinisemesha kama mtu anayesema na mzazi wake. "Maitu, umekula?" "Maitu, njoo unikune mgongo." Sikuwa nimewahi kulifikiria sana jina hilo.

Daktari alisema kinachoweza kumsaidia ni figo mpya, akatuelekeza hospitali moja India. Nilipimwa, yangu ikaonekana inamfaa. Kanisa na majirani wakatushika mkono, na dada yangu mkubwa akabaki na watoto wangu na lile duka. Siku ya kupakia mizigo nilianza kumpangia mama vitu kama ninavyowapangia wasichana: krimu ndogo, mafuta ya midomo, pamba. Nikafika kwenye maji, mkono ukakwama hewani. Yeye aliniona.

"Hiyo ya maji si yangu," alisema, akacheka kidogo.

Nilimpigia simu muuguzi aliyekuwa anamhudumia. Akanieleza polepole. Nimpake mafuta mara kwa mara, kidogo kidogo. Nguo ziwe za pamba, zisizombana. Kucha nizikate ziwe fupi kabisa. Midomo niwe naipangusa kwa kitambaa kilicholoa. "Lakini kipimo usikipitishe," alisema, "hata akikulilia. Ukimpa mengi huko juu, hakuna mashine."

Uwanja wa ndege walituondolea mkebe wa mafuta ya kukamulia. Nilikuwa nimesahau kuutoa kwenye mkoba wa mkononi, mimi niliyewaambia watu wengi hivyo wabebe chupa ndogo. Mama alimwambia yule askari kwa heshima kwamba ni ya ng'ombe tu, hayana madhara. Askari akasema pole mama, ni sheria. Mama akauangalia mkebe wake ukiingia kwenye pipa, kisha akanishika mkono tukaendelea.

Ndege iliondoka mchana. Mwanzoni mama alifurahi, akatafuta Thika dirishani, akasema ameona mashamba ya mananasi. Labda aliyaona kweli. Baada ya saa moja hivi ile hewa ikaanza kazi yake. Nilikuwa naiona. Midomo ikapasuka mstari mmoja katikati. Ngozi ya mikono ikavutika, na akaanza kujikuna, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, unga mweupe ukamwagikia suti ya mwanamume aliyekaa upande wa kijia.

Mwanamume huyo alijifuta goti. Akasogea. Kisha akamwita mhudumu, akamwambia kwa sauti ambayo hakujali kuishusha kwamba hawezi kukaa karibu na ugonjwa wa ngozi, atafutiwe kiti kingine.

Mama hakujua Kiingereza kingi, lakini hilo alilielewa. Akanigusa.

"Mwambie haiambukizi."

Nikamwambia. Nilimweleza mhudumu pia, nikamwonyesha barua ya daktari. Mhudumu alikuwa msichana mpole, akaomba radhi. Lakini yule mwanamume alikuwa ameshasimama. Akaenda bila kutuangalia. Mama akavuta blanketi hadi shingoni, akaingiza mikono yote miwili ndani, akakaa hivyo kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu. Nimewahi kumwona akiumwa, nimewahi kumwona akimzika mume wake. Sikuwahi kumwona akijificha.

Hapo ndipo akaja mama mmoja Mhindi, mzee, amevaa sweta juu ya sari. Alikuwa ameketi nyuma yetu na amesikia yote.

"Nyinyi wa Thika?" aliuliza kwa Kiswahili. "Mimi pia wa Thika. Sisi tuko na duka ya vitambaa pale mjini. Naweza kaa hapa?"

Akakaa kwenye kile kiti bila kungoja jibu. Alikuwa anaenda kumwona dada yake mgonjwa. Akamuuliza mama ni nini, mama akamwambia figo, na yeye akasema bwanake alikufa na hiyo hiyo, naye alikuwa anawashwa hivi hivi. Akatoa kwenye mkoba wake kichupa cha mafuta ya nazi.

"Leta mkono, mama."

Mama alisita. Kisha akautoa mkono chini ya blanketi. Yule mama akaupaka tangu vidole hadi kiwiko, polepole, huku akiulizia bei ya maziwa Gatuanyaga na kama mvua imefika. Mimi nikapaka mkono wa pili. Kwa muda kidogo mama alitulia, hata akasinzia.

Alipoamka aliomba maji.

Chupa ya siku ile ilikuwa imeisha. Alikunywa nusu asubuhi akimeza dawa, na yaliyobaki nilimgawia tukiwa angani, vifuniko vitatu vitatu. Nikaloanisha kitambaa nikampangusa midomo. Alikinyonya. Nikakivuta.

"Kidogo tu, Maitu."

"Mama, daktari alikataa."

"Najua alikataa. Nakuomba wewe."

Nilimwomba mhudumu kipande cha barafu, nikakivunja, nikamwekea punje moja ulimini. Ikaisha mara moja. Watu wote walikuwa wanakunywa. Mbele yetu mtu alikuwa anatikisa barafu kwenye kikombe chake. Mama akawa anakitazama kile kikombe, halafu ananitazama mimi. Aliomba tena. Akaomba kwa Kikuyu, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, sauti ya mtoto akimwomba mamake. Nikakataa. Mara ya nne nikakataa kwa ukali, nikamwuliza, anataka kufa kabla hatujafika? Yule mama wa Thika akageuza uso wake upande wa pili. Mama hakuomba tena. Nilimpaka mafuta ya midomo.

India walimpima kwa wiki mbili. Figo yangu ilikuwa sawa. Moyo wake ndio uliokuwa umechoka kiasi kwamba hangeweza kuhimili upasuaji. Daktari alituambia tukiwa tumekaa sote wawili mbele yake, nikamtafsiria mama nikipunguza makali ya maneno, naye akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo tunarudi nyumbani?" Nikasema ndiyo. Akasema basi ni vizuri, ng'ombe mmoja alikuwa karibu kuzaa.

Safari ya kurudi nilikuwa nimejipanga. Walimsafisha damu siku iliyotangulia, nikampaka mafuta mwili mzima kabla hatujatoka hotelini, nikamvalisha soksi za pamba na blauzi ya mikono mirefu. Hakuna aliyehama kiti. Mama hakuomba maji hata mara moja. Nilimgawia ya kipimo chake akayapokea na kusema asante, kama mtu anayepewa na mgeni. Hiyo asante iliniuma kuliko kuomba kwake.

Karibu na kufika akanishika mkono, akaugeuza.

"Umekauka wewe," alisema. "Tazama. Na unauzia watu mafuta."

Ilikuwa kweli. Wiki zote zile sikuwa nimejipaka kitu. Akaniambia nimpe ile krimu, akaimimina nyingi mno kwenye kiganja chake, akanipaka mikono yote miwili hadi mabegani, akibonyeza kwa nguvu kama alivyozoea kufanya tukiwa wadogo, tukijiandaa kwenda kanisani. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vilikuwa vinakwaruza. Nikataka kumwomba msamaha kwa ule ukali wangu. Maneno niliyapata. Kisha rubani akatangaza kwamba tunashuka, mama akageukia dirishani, na mimi nikanyamaza nikifikiri tutazungumza nyumbani.

Aliishi miezi miwili zaidi. Tulimrudisha Gatuanyaga wiki za mwisho kwa sababu alitaka kusikia ng'ombe wake. Alifariki asubuhi moja dada yangu akiwa amemshika, mimi nikiwa njiani kutoka Ruiru juu ya boda boda. Tulimzika kando ya baba.

Baada ya matanga nilimweleza dada yangu yote kuhusu ile safari ya kwanza. Alikuwa anakunja mashuka. Akasikiliza, akasema, "Ulifanya vile daktari alisema. Ungempa angekufia huko juu."

"Najua."

"Sasa?"

Nilimwambia kwamba yote hayo nayajua. Nilimwambia pia kwamba upasuaji ambao nilikuwa namlindia haukuwepo, na kwamba kama ningejua, ningempa kikombe kizima. Dada yangu aliacha kukunja shuka. Akakaa karibu nami kitandani kwa mama, na nje watu walikuwa wanapakia viti vya kukodi kwenye lori.