Mashine ya Madame na Pasi ya Faustin

Madame alipomwambia avae shati safi, waende wote wawili mjini kununua mashine ya kufulia, Faustin alijibu, "Ndiyo, Madame," akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa juu ya beseni lililopinduliwa. Miaka tisa alikuwa akifua nguo za nyumba ile kwa mikono yake, na leo anaitwa akachague chombo cha kumfukuza. Haya, na avae shati safi!

Msimcheke. Madame hakuwa na nia mbaya. Jirani yake alinunua mashine yenye urembo mwingi, ikafa baada ya miezi minne, na mume wa Madame alikuwa amesema hataki aibu ya namna hiyo kwake. Kwa hiyo Madame alifikiri vizuri kabisa. "Faustin, weye unajua kufula kupita miye," alisema. "Utaangalia ile ya nguvu, ya kukaa myaka mingi."

Myaka mingi! Faustin aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo njia nzima, huku amekalia kiti cha nyuma cha gari, kofia mapajani.

Alichokiogopa kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa ndani ya mfuko wa shati, kimefungwa kwa kitambaa: buku lake la kazi. Katika Élisabethville, mji wa Katanga, siku zile za Wabelgiji, mtu mweusi aliishi mjini kwa sahihi ya mzungu wake. Sahihi ikikosekana, ulipewa siku chache, unafunga mikeka, unarudi ulikotoka. Faustin alitoka kijijini, upande wa Lukafu. Na wala hakuiogopa Lukafu. Mihogo ya kwao ni mitamu, na kaburi la mama yake liko kule. Ila Régine, binti yake wa pekee, alikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi kwa masista. Mtihani wake ulikuwa mwezi wa saba, na huu ulikuwa mwezi wa kwanza. Akifaulu, masista walisema, watamchukua wamfundishe ualimu. Kule Lukafu hakukuwa na darasa kama lile kwa msichana, wala hakukuwa na wa kulianzisha.

Dukani walikuta mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kijani kibichi, inang'aa, ina kifuniko cha kioo na vifungo vinavyopendeza macho. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nzito, yenye sura mbaya, pipa lake la ndani la shaba nene, na juu yake mipira miwili mirefu ya kubana na kukamulia nguo. Muuzaji, mzungu mwenye masharubu, alizungumza na Madame kwa Kifaransa, akiigusagusa ile ya kijani kwa mapenzi.

Mchukuzi wa mizigo wa duka, Abibu, mtu wa Maniema mwenye kofia ya kufuma, alikuwa akifagia majani makavu yaliyotoka kwenye masanduku. Alisogea karibu na Faustin kana kwamba anafuata uchafu.

"Ndugu," alinong'ona, "ile ya kijani, tatu zimekwisha kurudi hapa. Meno ya ndani iko ya bure kabisa. Miezi mbili, imekufa."

Faustin alishukuru kwa kichwa. Halafu akang'amua kwamba ameonyeshwa njia ya kuokoka. Miezi miwili! Aseme kijani, basi. Neno moja tu. Madame atainunua, itakufa, na mtu atatumwa kumwita Faustin na sabuni yake. Nani angejua?

"Ipi?" Madame aliuliza.

Faustin aliinama, akazungusha mpini wa ile ya kijivu. Alibonyeza mpira wa kukamulia kwa kidole gumba, akapitisha kiganja ndani ya pipa akitafuta mahali pa kukwaruza kitambaa. Hapakuwa hata mahali pamoja. Aliyeitengeneza alikuwa mtu anayejua nguo ni nini. Kisha akafanya vilevile kwa ile ya kijani, na kidole chake kikakutana na ukingo mkali wa bati, ambao ungekula shuka ndani ya wiki moja. Alifungua mdomo aseme kijani. Mdomo ukasema:

"Ya kijivu, Madame."

Muuzaji alishusha pumzi, akakubali kwa shingo upande. "Hii Madame atakaa nayo miaka ishirini," alisema kwa Kiswahili, ili na Faustin asikie.

Ishirini! Faustin alisaidiana na Abibu kuibeba mpaka kwenye gari. Njia ya kurudi alijitukana kwa lugha tatu. Mjinga we! Nani alikutuma kuonea huruma mashuka ya watu?

Jioni, katika nyumba yao ya vyumba viwili kwenye mtaa wa mjini uitwao Kenya, alimweleza mkewe Clotilde. Clotilde alikuwa anasonga bukari. Mwiko ulisimama katikati ya sufuria.

"Baba Régine," alisema, "walikuuliza kisu gani kinakata muzuri, ukawaonyesha, halafu ukanyoosha shingo?"

"Ile ingine ilikuwa mubaya."

"Mubaya kwa nani? Mubaya kwa nani, mi nakuuliza!"

Régine alikuwa uani akisoma kwa sauti majina ya mito, na wote wawili wakageuka kumsikiliza.

Mashine ya kijivu ilifanya kazi kama ilivyoahidi. Ilinguruma, ikakoroga, ikakamua. Shuka lililomchukua Faustin asubuhi nzima lilitoka kwa dakika chache. Madame alisimama pembeni akicheka kama msichana. Wiki ya tatu alimwita barazani. Alisema pole, alisema ataandika neno zuri katika buku lake, na alisema kazi inaisha mwisho wa mwezi.

"Na kitu ingine, Faustin. Mashuka na nepi za mutoto, usipige pasi tena. Mashine inakamua, zinanyooka zenyewe. Tunapoteza makaa bure."

Hapo ndipo Faustin aliposhikwa na hofu ya pili, na hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Kuna nzi mmoja wa kwetu, rangi ya kutu, mnene, asiye na haraka. Majira ya mvua hutafuta nguo mbichi iliyoanikwa kivulini, akataga mayai yasiyoonekana kwa macho. Ukiivaa nguo ile, yai linapasuka kwa joto la mwili, funza anaingia katika ngozi, anakaa humo ananenepa mpaka jipu linatoa macho. Kwa mtu mzima ni adha. Kwa mtoto mchanga ni homa na mayowe. Dawa yake ni moja: pasi ya moto, pande zote mbili, kila kipande, hata soksi. Kila mfuaji wa Katanga anajua hili, na hakuna anayelisema, kwa kuwa ni kazi yake tu, sawa na kusuuza. Miaka tisa Faustin alikuwa akipiga pasi mpaka matambara ya jikoni. Madame alidhani ni unadhifu.

Na sasa nyumba ile ilikuwa na Nicole, bintiye Madame, wa miezi mitano, ambaye Faustin humwita Mama Mudogo, na ambaye hunyamaza kulia akiiona kofia yake.

Angesema? Nani angemwamini boyi aliyeachishwa kazi, anayekuja na hadithi ya nzi ili abakizwe? Clotilde alipoisikia habari ile, alifunga mlango kwanza.

"Nyamaza," alisema. "Umesikia? Weye nyamaza tu. Siku kumi hazitapita, daktari atawaambia pasi, watakuja kukutafuta na gari. Régine atafanya mutihani yake."

"Na mutoto?"

"Funza haiue muntu." Lakini aliyasema hayo akiangalia ukuta.

Jumamosi mvua ilinyesha asubuhi yote. Faustin aliilaani, kama alivyoilaani kila msimu kwa miaka tisa, maana mvua na mfuaji hawajawahi kupatana. Nepi zilianikwa barazani, kivulini, zikanyonya unyevu. Saa sita aliambiwa azikunje, aende. Alizikunja. Aliziweka kapuni zikiwa bado baridi, akapanda baiskeli, na hakula chochote siku ile.

Jumapili kanisani alisimama na wenzake, akapiga magoti na wenzake, lakini sala hazikupanda. Mbele yake mama mmoja alikuwa amembeba mtoto mgongoni, na shingo ya mtoto ile laini ilikuwa palepale, mbele ya macho yake. Kabla padri hajamaliza, Faustin alitoka. Clotilde alimwona akitoka. Hakumzuia.

Alikuta nyumba kimya. Aliwasha makaa nyuma ya jiko, akapuliza mpaka yakawa mekundu, akalibeba kapu lote, akaanza. Nepi ya kwanza, mbele, nyuma. Ya pili. Kwa haraka akajiunguza kidole.

"Faustin? Leo Jumapili!" Madame alikuwa mlangoni, mtoto begani. "Na nilikukataza nini?"

Akasema. Alilisema lote kwa mkupuo, nzi, mayai, kivuli, funza, akiendelea kupiga pasi kwa kuogopa kwamba akisimama atanyang'anywa. Madame alimsikiliza, kisha akakunja uso.

"Ah. Nimekufahamu. Kila boyi anayeondoka iko na maneno yake."

"Madame, nifukuze. Leo, kama unataka. Lakini umuvue Mama Mudogo ile nepi."

Labda sauti ndiyo iliyomgeuza, kwa maana katika miaka tisa hakuwa amewahi kumpigia Madame kelele. Madame alimtazama, akamtazama mtoto, akaingia ndani. Faustin alisikia simu ikizungushwa, halafu Madame akiongea na daktari kwa Kifaransa cha haraka. Alikuwa amefika nepi ya kumi na moja.

Madame aliporudi, Nicole alikuwa uchi ndani ya kanga, na nepi ilikuwa mkononi mwa Madame, ameishika kwa ncha za vidole. Akaiweka juu ya meza ya pasi.

"Myaka tisa. Juu ya nini hukuniambia?"

"Ilikuwa kazi yangu, Madame."

Aliomba buku. Faustin alilifungua kwenye kitambaa, na Madame akaandika akiwa amesimama, buku limeegemea kifuniko cha ile mashine ya kijivu. "Utabaki, kwa kupiga pasi," alisema. "Daktari anasema kiangazi hakuna hatari sana. Basi mpaka mvua iishe. Nyuma ya pale, tutaona."

Clotilde alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yao, bado na nguo za kanisani. Aliiona baiskeli kwa mbali na hakungoja ifike.

"Mutoto je?" aliita. "Iko na kitu?"

"Hapana. Nimewahi."

Clotilde alikaa kizingitini, akafunika uso kwa ncha ya kitenge. Hapo ndipo Faustin alipojua kwamba mkewe naye hakuwa amekula tangu jana. Alipomwambia habari ya buku, alishangilia kwanza, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, na kidole kikasimama hewani.

"Mvua inaisha mwezi wa ine," alisema polepole. "Mutihani ni mwezi wa saba."

"Najua."

Régine alitoka na daftari lake, akawauliza wana nini. Tone moja lilianguka juu ya bati, likafuata la pili, kisha mengi. Clotilde alinyanyuka haraka kuanua nguo zao. Faustin alivua kofia, akabaki palepale uani analowana, akiinamisha kichwa na kuomba kwa nguvu zote, yeye mfuaji wa miaka tisa, kwamba mwaka huu mvua isikatike.